Sumu ya Nyoka na Kichupa cha Mafuta

 

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea picha ya kichupa kinachotangazwa kwa simu kutoka mkono hadi mkono. Ni kidogo kama cha manukato, ndani mna kimiminika cheupe chepesi, na kibandiko chasema kuwa ni mafuta ya mitishamba yaliyotengenezwa kwa ufundi wa "nano", ya kupaka mahali palipoumwa na nyoka ili kuondoa sumu na uvimbe. Mama huyu ana shamba bara, na wanawe hulala huko wakati wa likizo. Anauliza mambo mawili: je, yafaa kukinunua akiweke nyumbani, na je, hakuna haramu ndani yake? Lingekuwa swali la haramu peke yake, tungelijibu kwa mistari michache. Lakini lile la kwanza lina uhai wa mtoto ndani yake, na limegusa jambo tulilolishuhudia Machakos kwa macho yetu, kwa hivyo twaomba ukurasa mzima.

Kwa miaka kadhaa sasa, shule zifungwapo mwezi wa Disemba, sisi hupanda Machakos kusomesha watoto wa Waislamu wa huko kwa wiki tatu. Waislamu wa Machakos si wengi, lakini dini si mgeni katika mji ule; ilifika zamani pamoja na watu wa misafara waliotoka pwani. Basi hutuacha makutano ya Kyumvi, kisha huingia mjini kwa matatu, milima ya Mua ikionekana, na pembeni yake mashamba yaliyokatwa matuta yale ya "fanya juu" yaliyoipa Machakos sifa ya kuuhifadhi udongo wake. Ni nchi nzuri ya watu wachapa kazi. Lakini palipo na ghala la mahindi pana panya, na palipo na panya nyoka hayuko mbali. Tena Disemba ni msimu wa maembe na mvua, majani yamerefuka, na watoto hawakai ndani.

Mwaka mmoja, baina ya alasiri na magharibi, mjukuu wa mwenyeji wetu, kijana wa miaka kumi na minne, alikwenda kuokota maembe kwenye tuta la nyuma ya nyumba, akamkanyaga moma. Wengine humwita kifutu, wengine bafe. Ni nyoka mfupi mnene, mwenye rangi ya majani makavu, na tabia yake ndiyo hatari yake: hakimbii asikiapo nyayo. Hutulia, akitegemea kutoonekana, mpaka mguu umfikie. Alimuuma kijana juu kidogo ya kifundo. Kabla ya Isha mguu ulikuwa umevimba hadi goti, ngozi imevutika iking'aa kama ya ngoma, na mtoto analia kwa sauti ambayo hatupendi kuikumbuka.

Majirani walijaa uani, na kila mmoja alikuja na alichonacho kwa nia njema kabisa. Mmoja alileta jiwe jeusi la nyoka, ambalo kwa hakika si jiwe bali ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, akalibandika juu ya jeraha. Mama wa pili alileta majani mabichi yaliyotwangwa. Wa tatu alikuwa na mafuta ya mbarika, akaanza kuukanda mguu kutoka kwenye jeraha kwenda juu, polepole, kwa mkono wa mtu aliyezoea kukanda wazazi. Huyu tulimwomba aondoe mkono wake. Babu wa mtoto akatugeukia.

"Maalim," akatwambia, "mwandikie kombe anywe. Mengine tutazame asubuhi."

"Mzee wangu," tukamjibu, "dua tutaisoma garini."

Hospitali ya kwanza tuliyoifikia, ambayo hatutaitaja, haikuwa na dawa. Walimwekea maji ya mshipani, wakatuandikia barua ya kwenda kwingine. Sindano ya kuikata sumu aliipata saa saba za usiku, mahali pa pili. Alhamdulillah, aliishi. Lakini ngozi ya pembeni mwa jeraha ikawa nyeusi, ikafa, ikakatwa, na ikabidi ichukuliwe nyingine ya pajani kuziba pengo. Leo ni kijana mkubwa, ana duka la vifaa vya simu, na kifundo chake hakikunji.

Swali lililotukaa moyoni tangu usiku ule ni hili: ikiwa dawa ilipatikana, mbona mguu uliharibika? Tumelisoma na tumewauliza matabibu, na jibu lao ndilo mlango wa kukielewa kichupa cha yule mama.

Sumu ya moma si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa protini nyingi, na nyingi katika hizo ni vimeng'enya, yaani vitu vinavyokata na kusaga kama vile tumbo linavyosaga nyama. Kuna vinavyotoboa kuta za mishipa midogo ya damu, na kuna vinavyopasua utando wa chembe za mwili. Chembe zinapopasuka, mwili wenyewe hupiga mbiu: maji na damu hukimbilia mahali pale, pakawa moto, pakavimba, pakauma. Kwa hiyo uvimbe ule nusu ni kazi ya nyoka na nusu ni kazi ya mwili unaojitetea. Na kazi hiyo huanza dakika ile ile ya kuumwa.

Dawa ya sindano, antivenomu, hutengenezwa leo kwa njia ile ile aliyoianza Mfaransa Albert Calmette katika miaka ya 1890. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, ikiongezwa hatua kwa hatua, mpaka damu yake iwe na kingamwili za kuishinda. Kisha maji ya damu hiyo huchukuliwa na kusafishwa. Ni dawa kubwa, na hakuna nyingine iliyochukua nafasi yake. Lakini kingamwili hizo ni kubwa kwa umbo, zasafiri ndani ya damu, na huchelewa kupenya katika nyama iliyovimba. Sumu iliyomo katika damu huikamata vyema. Ile iliyokwisha kazi yake mguuni, wapi! Haifufui nyama iliyokufa. Ndiyo maana saa zinahesabiwa, na ndiyo maana kijana wetu alipona roho akapoteza kifundo.

Mtu atauliza kwa nini basi asipewe vidonge vya kawaida vya kupunguza uvimbe. Matabibu wanakataza aspirini na jamaa zake kwa aliyeumwa na nyoka wa namna hii, kwa kuwa sumu imekwisha kuvuruga kuganda kwa damu, na dawa hizo huzidisha kutoka damu. Hapo ndipo penye pengo: uvimbe wa mahali, ambao sindano huufikia kwa shida na vidonge vya kawaida haviruhusiwi. Watu wa mitishamba walilitia mkono pengo hilo kabla ya maabara kuwapo.

Wakamba wana ujuzi mrefu katika jambo hili, nasi hatuupuuzi. Mwaka 2006 watafiti wawili Wakenya, Bethwell Owuor na Daniel Kisangau, walichapisha uchunguzi uliolinganisha dawa za nyoka za Wakamba na za Wajaluo. Waliorodhesha mimea thelathini na miwili. Nyingi katika dawa hizo hutengenezwa kwa mmea mbichi uliochumwa papo hapo, na mara nyingi ni majani. Lililotushangaza ni kwamba katika mimea yote hiyo ni mmoja tu, gugu liitwalo na wataalamu Conyza sumatrensis, uliokutwa ukitumiwa vile vile na makabila yote mawili. Mengine yote kila watu waliyapata kwa njia yao. Mtu aweza kulisoma jambo hilo namna mbili. Aweza kusema kuwa ule mmoja una kitu kweli, maana watu wasiosikilizana lugha wameufikia. Au aweza kusema kuwa ile iliyobaki imechaguliwa kwa mila zaidi ya kwa majaribio. Sisi twaona yote mawili yafaa kuchunguzwa, na hakuna hata moja linalotosha kumpa mtoto aliyeumwa leo jioni.

Sasa tuje kwenye neno "nano", maana limekuwa kama hirizi ya zama hizi. Likibandikwa juu ya kitu chochote, bei hupanda.

Mama zetu walijua habari hii kabla ya wataalamu kuipa jina. Mafuta na maji havikubaliani, lakini ukikuna nazi, ukaikamua, wapata tui, nalo ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji kwa matone madogo yasiyoonekana. Ukiliacha tui usiku kucha, matone hukutana, mafuta mazito hupanda juu na maji hubaki chini. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio waitao emulsheni. Nanoemulsheni ni tui ambalo matone yake yamevunjwavunjwa mno, kwa mashine zenye mgandamizo mkubwa au kwa mawimbi ya sauti, mpaka yakawa na upana wa nanomita 20 hadi 200. Unywele mmoja wa binadamu una nanomita zipatazo 80,000. Huongezwa kitu cha kuyashika matone yasirudi kuungana, kama ile lesithini inayopatikana katika kiini cha yai na katika soya. Tui la namna hii hukaa miezi bila ya kujitenga, na kwa udogo wa matone yake hupenya ngozini vyema kuliko mafuta ya kawaida, hubeba kilichomo ndani ya mmea, na huhitaji kiasi kidogo tu. Mke wetu alipoelezwa haya alisema, "Basi ni tui la mvivu, halitaki kukorogwa tena." Hatukupata maelezo bora ya hayo katika kitabu chochote.

Kwa hiyo neno lenyewe si uongo. Ni ufundi wa kweli, na wenye kuuelekeza kwenye sumu ya nyoka wapo. Brazil, nchi yenye nyoka wengi na yenye taasisi ya Butantan iliyoanza kazi yake mwaka 1901, watafiti wametengeneza nanoemulsheni za mimea na kuzijaribu juu ya sumu za nyoka wa kwao. Mmoja wa mimea hiyo ni wa jamii ya Manilkara, miti ambayo ndugu zake wamo katika misitu ya pwani yetu. Katika majaribio hayo ya maabara na ya panya, baadhi ya madhara ya sumu, kama kutoka damu chini ya ngozi, yalipungua. Hiyo ni habari njema, na twataraji vijana wetu walioko vyuo vikuu waisikie, maana karafuu ya Pemba, mchaichai na mwarobaini vyote vina mafuta ambayo maabara yameona yakituliza uvimbe.

Lakini kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Katika mengi ya majaribio ya dawa za mimea, sumu huchanganywa kwanza na dawa katika chupa, kisha mchanganyiko ndio hudungwa panya. Mimea mingi ina tanini, kitu kile kile kinachokausha ulimi ukila ndizi mbichi, nayo hushikamana na protini yoyote inayokutana nayo, ya sumu ikiwamo. Ndani ya chupa, dawa hushinda. Katika shamba la maembe nyoka hatungojei tuchanganye. Sumu hutangulia, huingia ndani ya nyama, na dawa hufuata nyuma yake ikibisha hodi kwenye ngozi. Hadi tunapoandika haya, hatujaona mafuta wala nanoemulsheni yoyote iliyopita katika majaribio kamili ya binadamu na kukubaliwa kuwa ni tiba ya kuumwa na nyoka. Mwenye kuuza kichupa na kusema kuwa chaondoa sumu anasema asilolijua.

Na kupaka kwenyewe kuna madhara. Anayepaka mafuta hukanda, na kukanda husukuma sumu. Mguu ulioumwa wataka kutulizwa usitikisike kabisa, ufungiwe ubao kama uliovunjika, kwa kuwa kila misuli ikijikunja sumu husogea. Mafuta ya karafuu nayo, ambayo twayapenda kwa jino, yana yujenoli, na yujenoli imeonekana katika maabara ikipunguza kushikana kwa chembe za kugandisha damu. Kwa jino ni neema. Kwa mguu wa mtu aliyeumwa na moma si jambo la kufanyia mchezo. Na akiwa ni swila aliyetema machoni, mafuta yasikaribie; maji safi mengi, yamiminwe kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Zaidi ya hayo yote, kichupa kilichoko kabatini hula saa. Mtu hupaka, akangoja aone. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa kila mwaka watu baina ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na vilema vya kudumu, waliokatwa viungo wakiwamo, ni mara tatu ya hao. Mwaka 2017 shirika hilo lililiweka tatizo hili katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyosahauliwa. Yalisahauliwa kweli: kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa yake ya Fav-Afrique mwaka 2014, na shehena ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016, kwa sababu waumwao na nyoka Afrika ni maskini na biashara yao haina faida.

Twarudi kwenye swali la pili la mama, la halali na haramu. Lesithini ya soya au ya yai haina neno, na mafuta ya mimea hayana neno. Mwenye shaka ya kileo atazame kibandiko. Lakini kuna waliotuuliza, kwa sauti ya chini, juu ya antivenomu yenyewe, kwa kuwa imetoka katika damu ya farasi. Katika madhehebu yetu ya Shafi nyama ya farasi ni halali, ingawa damu ni najisi. Na wanazuoni wetu wameruhusu kujitibu kwa kilichotoka katika najisi pale pasipopatikana kilicho tahiri cha kushika nafasi yake, na hapa hakuna. Asisite mtu mlangoni mwa hospitali kwa sababu hii.

Wengine hutuletea kisa cha sahaba Abu Said al-Khudri, aliyemsomea Alhamdu mkubwa wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, akapona, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akalikubali tendo hilo. Kisa ni sahihi, nasi twakisomesha. Lakini watu wale walikuwa jangwani, na walikuwa wamekwisha kumjaribia mkubwa wao kila walichokuwa nacho. Hakuna katika kisa hicho anayemzuia mgonjwa asipelekwe kwa tabibu. Tena imepokewa kuwa Mtume mwenyewe alipoumwa na nge alitaka maji na chumvi, akaosha mahali pale huku akisoma. Ibnul Qayyim ameeleza katika hilo jinsi dawa ya mwili na dawa ya dua zilivyokwenda pamoja. Usiku ule wa Machakos tulisoma njia nzima, na dereva, Mkamba wa kanisani, aliitikia amina pale alipodhani panafaa.

Kwa mwenye kupenda habari za matumaini, asitazame mbali. Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, pamoja na wenzao wa Liverpool, wamejaribu dawa iitwayo yunithioli. Hapo zamani ilitumika kwa waliodhurika na madini kama zebaki. Baadhi ya vimeng'enya vya sumu ya nyoka haviwezi kazi bila ya madini ya zinki, na dawa hii huyanyakua. Waliipa watu wazima wenye afya, kwanza wajue usalama wake na kiasi chake. Ni dawa ya kumeza, na yatarajiwa kuwa mtu aimeze kijijini kwake kabla hajapata gari. Angalieni mwendo wao: kimya, hatua kwa hatua, na hakuna aliyeuza kichupa.

Jibu letu kwa mama, basi, ni kuwa asikinunue. Fedha hizo anunue viatu vya mpira na tochi. Mtoto akiumwa, avuliwe pete, saa na viatu kabla ya uvimbe, alazwe, mguu ufungiwe ubao, asikatwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza, abebwe asitembezwe, na safari ianze. Majani ya wazee yangoje. Mtibabu mmoja mkongwe wa vilima vya Iveti, ambaye tulizungumza naye mwaka uliofuata, alitwambia kuwa siku hizi dawa zake huzitumia mgonjwa akisharudi, kidonda kikiwa kinafunga. "Zamani niliitwa wa kwanza," alisema, "na waliokufa nao walikuwa wangu."

Na wenye mashamba bara wapige simu sasa, kabla ya kupeleka watoto, waulize ni hospitali gani ya karibu yenye antivenomu na dozi ngapi. Wiki hii tulipiga mbili kwa niaba ya mama. Moja ilisema dawa ipo. Ya pili ilituomba tupige tena Jumatatu.